Matope ya Uzinduzi

Matope hayakuruhusiwa kutoka. Wenye nyumba waliweza kuugua, kukonda na kugombana, lakini matope yalikuwa chini ya ulinzi wa serikali, kwa sababu yalikuwa ushahidi.

Hivyo ndivyo alivyosema ofisa wa maafa asubuhi ile mto uliporudi kwenye njia yake, akiwa amesimama juu ya tofali ili viatu visiguse chini. Mtu asifagie. Mtu asihame. Watu wa tathmini wangepita nyumba kwa nyumba na kamera zao, na nyumba ambayo wangeikuta safi ingehesabiwa haikuathirika, na ambayo wangeikuta tupu ingehesabiwa haina mwenyewe. "Subirini," akasema. "Msaada uko njiani."

Mtaa ukasubiri. Ofisa akaja tena, akasema subirini. Akaja tena. Mwisho watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake, wakamwita Subirini, naye akawa anaitika bila kinyongo, kama mtu aliyepewa cheo.

Nyumba ya Msusi ilikuwa kando ya barabara kabisa, ya kwanza mtu anapoingia mtaani. Chumba cha mbele kilikuwa saluni yake: kioo kirefu, viti viwili, na ile kofia kubwa ya kukaushia nywele ambayo alikuwa amemaliza kuilipia muda mfupi kabla mto haujaingia na kuigeuza bakuli la tope. Vyumba vya nyuma aliishi na baba mkwe wake. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, alionekana nyumbani kama hilali, mwembamba na kwa muda mfupi. Wifi yake, mwalimu wa chekechea, alikaa mtaa wa juu ambako maji hayakufika, na alikuja kila siku kumwona baba yake na kutoa maoni.

Tusidanganyane kuhusu matope yale. Watu wa mbali wakisikia "matope" hufikiri udongo na maji, kitu ambacho mtoto angechezea. Mto ulipopanda ulipitia vyoo vya shimo vya mtaa mzima kabla ya kuingia vyumbani. Uliingia na kila kitu ambacho watu walikuwa wamekiacha huko wakidhani hawatakiona tena. Ulipoondoka uliviacha vyote hapo, hadi kwenye magoti, mezani, jikoni, chini ya vitanda. Mwanzoni tope lilikuwa jeusi na laini. Baadaye likachacha. Likafanya utando wa kijani, utando ukapasuka, na kwenye kona ya jiko wakatokea mabuu weupe wakijinyonganyonga kwa raha zao, wao peke yao wakiwa wamefikiwa na msaada kwa wakati.

Msusi alichota njia ndogo tu, kutoka mlangoni hadi kwenye vitanda, kwa kuwa Subirini alisema njia inaruhusiwa. Vitanda alivipandisha juu ya matofali. Kitanda cha baba mkwe alikipandisha zaidi, na kila akimpandisha mzee huyo kwa kumshika kwapa, mzee alicheka hadi kikohozi kikamkata.

"Maisha yangu yote nimepaka rangi dari za watu," alisema. "Sasa nalala nazo uso kwa uso. Hii ya kwako, mama, ilipakwa na mvivu."

"Uliipaka wewe, baba."

"Basi alikuwa mvivu kijana."

Alikuwa fundi rangi, na miaka ya kunusa rangi ilikuwa imemwachia kifua kama gunia la changarawe. Unyevu ule ukakaa juu ya changarawe. Msusi akampeleka zahanati. Muuguzi akamwekea kipimo mgongoni, akasikiliza, akakunja uso.

"Mtoeni kwenye hiyo nyumba."

"Tukimtoa tutaambiwa tumehama."

"Nani kasema?"

"Serikali."

"Na mimi nimeajiriwa na nani?" Muuguzi aliuliza. "Nenda kawaambie serikali imesema mzee atoke."

Msusi akaenda akawaambia. Subirini akasikitika sana. Alikuwa na kipaji cha kusikitika, alijua hadi kichwa kiinamie upande gani. Akasema angefurahi sana kama mzee angepumzika mahali pakavu, isipokuwa tu utaratibu haujui kifua cha mtu, utaratibu unajua mkazi na asiye mkazi. Kisha akamkumbusha habari za mama mjane wa nyumba ya kona.

Hakukuwa na haja ya kumkumbusha. Mama yule alikuwa na mjukuu mchanga, na siku ya pili tu alifunga kanga kiunoni, akachota, akasugua, akamwaga dawa, hadi sakafu ikang'aa. Watu wa ofisi walipopita kuandika hali ya awali, kabla ya tathmini yenyewe, walisimama mlangoni mwake, wakaitazama sakafu ile, wakamwambia hongera. Nyumba haikuathirika. Mtaa mzima ulipata somo. Mwenye usafi amejinyima.

Kwa hiyo watu walikaa na kinyesi chao na cha majirani zao, wakakilinda. Fundi viatu wa nyumba ya pili aliwachapa wanawe waliporusharusha tope nje. Wateja wa Msusi waliisha. Mmoja alijikaza, akaketi, akafunguliwa nywele nusu kichwa, akavuta pumzi, kisha akasema, "Dada, nitarudi kesho," akaondoka na nusu nyingine bado imesukwa. Hakurudi. Msusi alimwelewa. Mwenyewe akinawa mikono kwa sabuni na kuipeleka puani bado ilinuka, na akiwa barabarani aliona watu wakipanga hatua zao ili upepo usiwapitishie kwake.

Ndipo siku moja Subirini akaja na uso unaong'aa, akawaita wote kwenye uwanja mdogo wa mbele ya nyumba ya Msusi.

Kumetokea mabadiliko makubwa, akasema. Serikali imeona mateso ya wananchi. Imeona jinsi fedha za maafa zinavyozunguka: zinatoka juu, zinapita ofisi hii, zinalala, zinaamka, zinapita ile, zinalala tena. Basi kuanzia sasa umeanzishwa Mpango wa Haraka. Fedha zitatoka juu na kushuka moja kwa moja kwa jamii husika. Hakuna tena kuzunguka. Na katika nchi nzima, mtaa wao ndio umechaguliwa kuwa wa kwanza.

Watu walipiga makofi hata Msusi akashangaa kwamba bado walikuwa na nguvu hizo mikononi.

"Lini?" fundi viatu akauliza.

"Mara tu baada ya uzinduzi."

"Na uzinduzi lini?"

"Mara tu mgeni rasmi atakapopata nafasi."

Mgeni rasmi hakupata nafasi. Kwanza alikuwa safarini. Aliporudi alikuwa na mapumziko ya safari. Ikapangwa tarehe nyingine, ikaahirishwa kwa sababu mgeni rasmi naye alikuwa na mgeni rasmi. Mpango wa Haraka ukakaa pale pale ulipokuwa, ukipigwa danadana na shajara ya mtu mmoja, na kifua cha mzee kikaanza kupiga filimbi.

Jua likatoka siku nyingi mfululizo. Hilo halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote. Matope yakakauka. Yakapasuka vipande vipande kama ngozi ya kisigino, harufu ikapungua, na mzee akalala usingizi wa kwanza bila kuamka kutema. Msusi akaanza kuamini kwamba labda wangefika siku ya uzinduzi wakiwa wazima.

Subirini akaja na kijana wa kamera. Akachungulia saluni, akachungulia vyumbani, akatikisa kichwa kama mkulima aliyekuta shamba limeungua.

"Yamekauka," akasema.

"Tunashukuru," Msusi akajibu.

"Hapana, dada, hujanielewa. Nyumba yako ndiyo nimeipendekeza iwe nyumba ya mfano. Iko barabarani, gari la mgeni rasmi linafika hadi hapa. Ataingia, ataona, atapigwa picha, atampa mzee mkono, halafu anatoka anakata utepe. Sasa ataona nini? Vumbi?"

"Ataona alama ya maji ukutani. Hii hapa, imenifika kiunoni."

"Alama haitoki vizuri kwenye picha." Alimgeukia kijana wa kamera, na kijana akakubali kwamba haitoki. "Yamwagie maji kidogo. Siku moja kabla. Yalainike, yapate ule uhai wake."

Msusi alikuwa amewahi kumsuka bibi harusi aliyekuwa akilia tangu asubuhi hadi jioni, amewahi kumsuka maiti, lakini hakuwahi kuombwa kitu kama hicho.

"Kuna mgonjwa humu ndani," akasema.

"Ndiyo maana. Haraka tuzindue, haraka mzee apate pa kulala. Usipokubali nitatafuta nyumba nyingine, na mgeni rasmi itabidi apangiwe upya njia, na kupangiwa upya..." Akamaliza sentensi kwa mikono.

Wifi alipopata habari alifurahi kama aliyeposwa. Na yeye alikuwa amepewa kazi: kusoma risala ya shukrani mbele ya mgeni rasmi, kwa kuwa mtaa mzima ulijua sauti yake inafika mbali bila spika.

"Shukrani ya nini?" Msusi akauliza. "Tumepewa nini?"

"Usianze, wifi."

"Nauliza tu. Unamshukuru mtu kabla hajakupa, asipokupa utamwambia nini, rudisha shukrani yangu?"

"Ndiyo utaratibu. Unamvisha kilemba mapema ili aone aibu kukivua." Wifi akakaa ukingoni mwa kitanda cha baba yake, akamvutia mzee shuka hadi kidevuni. "Na wewe mwaga hayo maji. Baba kavumilia yote haya, atashindwa siku moja? Si eti, baba?"

"Mimi sina neno," mzee akasema. "Mimi ni pambo."

Msusi akamwaga. Alimwaga ndoo baada ya ndoo, kuanzia saluni hadi jikoni, akiwa amejifunga kitambaa puani. Matope yalikunywa kimya, kisha yakaamka. Harufu ikapanda kama mtu aliyelala chini ya sakafu ameinuka akasimama chumbani. Msusi akakimbilia nje, akainama kando ya ukuta, akatapika hadi tumbo likabaki linatapika upepo. Alipoinua kichwa alimwona fundi viatu upande wa pili, naye ana ndoo mkononi, naye anafuta mdomo. Walitazamana kama watu waliokutana mahali pa aibu. Hawakusalimiana.

Siku ya uzinduzi serikali ilionyesha kwamba haraka inaijua vizuri sana. Lori lilifika asubuhi na kabla chai haijapoa uwanja ulikuwa na maturubai meupe, viti vimevalishwa vitambaa na vifundo kama watoto wa ubatizo, jukwaa, spika mbili zenye kimo cha mtu. Zulia jekundu likatandazwa kutoka mahali gari litakaposimama hadi kwenye kizingiti cha Msusi. Na nyuma ya maturubai vikashushwa vyoo. Vyoo vinne vya plastiki ya buluu, vipya, kila kimoja na karatasi yake, sabuni yake na kitasa kinachofunga. Tangu mafuriko mtaa ule haukuwa na choo hata kimoja. Watu walipanda mlima hadi shuleni, au walifanya yale ambayo watu hufanya na hawasemi. Sasa vyoo vilikuwa vimekuja, na mbele yake amekaa mlinzi kwenye kiti.

Mzee alikuwa amevalishwa shati lake jeupe la harusi za watu. Subirini alikuwa ametoa maagizo: mzee asishuke kitandani, mgeni rasmi amkute amelala, na asikohoe sana mgeni akiwa karibu, akohoe kiasi. Kijana wa kamera alishampima mara mbili pembe ya kulala.

Mgeni rasmi alikuwa afike asubuhi. Jua likapita kichwani. Wifi akapaka poda upya. Spika zikarudia nyimbo zilezile. Mzee akageuka upande wa ukuta, akageuka upande wa mlango, kisha akamwita mkwe wake kwa sauti ndogo.

"Mama. Nahitaji kwenda huko."

Kila siku walipanda mlimani taratibu, mzee na fimbo, Msusi akimfuata nyuma kidogo kwa heshima. Lakini leo njia ya mlimani ilikuwa imezibwa kwa kamba na askari, kwa ajili ya msafara. Msusi alijaribu. Askari akasema hata yeye mwenyewe amejibana. Basi wakageuka, wakapita nyuma ya maturubai, polepole, mzee akiuma meno, hadi kwenye vyoo vya buluu.

"Hivi ni vya wageni," mlinzi akasema, bila ubaya.

"Na sisi ni nani?"

"Nyie ni walengwa."

"Kaka yangu, mtazame huyu mzee. Ni dakika moja."

"Dada, mimi nimeambiwa vibaki safi hadi mgeni rasmi aondoke. Nikikufungulia wewe nitamkatalia nani mwingine? Watakuja wote."

"Si wana haki ya kuja?"

"Mimi sijui haki. Mimi najua kufuli."

"Huyu ndiye mzee atakayepewa mkono na mgeni rasmi. Yeye hasa. Muulize ofisa."

"Basi arudi kitandani akamsubiri."

Msusi alikuwa bado anatafuta maneno wakati mkono wa mzee ulipomlegea begani. Alijua kabla ya kutazama. Hakutazama. Mzee alisimama wima, macho mbele, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na suruali yake ya kijivu ikabadilika rangi hadi kwenye viatu, na si maji tu. Mlinzi akainamisha uso, akaanza kukagua kufuli lake.

"Twende nyumbani, mama," mzee akasema. "Na usimwambie mtu. Hata mwanangu."

"Simwambii."

"Niapie."

Akaapa.

Kuna mambo ambayo mke wa mwana hayaoni kwa baba mkwe wake, na yeye hakuyaona. Alimfikisha chumba cha nyuma, akamletea beseni la maji, sabuni na nguo safi, akashusha pazia, akageuza mgongo. Akasimama saluni na miguu ndani ya tope alilolimwagilia kwa mkono wake mwenyewe. Nyuma ya pazia mtu aliyepaka rangi nusu ya mji huu alikuwa akijifuta na kukohoa, akijitahidi kukohoa kiasi.

Nje ving'ora vikalia. Milango ya magari. Makofi. Kisha sauti ya wifi, kubwa, safi, ikipaa juu ya mtaa:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi wakazi tunatoa shukrani zetu za dhati kwa msaada wa haraka mliotufikishia..."

Beleshi lilikuwa nyuma ya mlango. Risala ilipokwisha, Msusi alilishika, akalizamisha, likaingia kwa sauti ya kitu kinachomeza. Akalitoa limejaa. Akalitupa nje ya mlango.

Mwanzoni watu hawakuelewa. Mgeni rasmi alikuwa ameshateremka jukwaani, anatembea juu ya zulia kuelekea kwenye nyumba ya mfano, amevaa buti mpya za mpira ambazo bado zilikuwa na kibandiko cha bei, na kamera zinarudi kinyumenyume mbele yake. Tope la kwanza likatua kwenye zulia, pwaa. Mshereheshaji akakamata kipaza sauti, akacheka, akasema naona mama mwenye nyumba anamtengenezea mheshimiwa njia. Likaja la pili. Likaja na mabuu. Likaja na vile vitu ambavyo mto uliviokota vyooni.

"Dada," Subirini akaita kwa upole wa watu walio mbele ya kamera. "Dada, bado. Ataingia kwanza."

Msusi hakumtazama. Alikuwa anasafisha nyumba yake. Alichota, akageuka, akatupa. Kiuno kilijua kazi. Kama zulia lisingekuwa pale tope lingeanguka chini kama tope lolote. La nne au la tano likatua kwenye buti za mgeni rasmi na kuparamia suruali. Akasimama. Hapo ndipo upepo ulipogeuka, na kwa mara ya kwanza tangu mafuriko wageni wakajua kitu ambacho mtaa ulikaa nacho, ulilala nacho na kula nacho. Mama mmoja wa ofisini akatapika ndani ya mkoba wake. Wengine wakaziba pua kwa ratiba za sherehe. Mgeni rasmi alifungua mdomo aseme jambo, harufu ikamwingia mdomoni, akaufunga. Akageuka. Utepe ulibaki haujakatwa, mkasi juu ya mto wa hariri, na msafara ukaondoka kwa haraka ambayo mpango wowote ungeionea wivu.

Msusi aliendelea kuchota.

Alasiri Subirini akaitisha kikao chini ya maturubai, huku vijana wa lori wakifungua kamba na kubeba viti vilivyokuwa havijakaliwa. Shati lilimganda mgongoni. Alitaka Msusi asimame mbele. Msusi akasimama, mikono meusi hadi kwenye viwiko.

Wifi ndiye aliyeanza. "Umetumaliza," akasema, na sauti iliyosoma risala ilikuwa imepasuka. "Umenidhalilisha mimi, umemdhalilisha baba yangu amelala mle ndani anasubiri mkono wa mtu. Umepatwa na nini?"

Wifi akamtazama, akasonya, akaingia ndani kumwona baba yake.

"Mgeni rasmi amekasirika," Subirini akasema. "Lakini ni mtu wa watu. Nimeongea na wasaidizi wake. Yuko tayari kurudi. Tutaandaa uzinduzi upya, na dada huyu ataomba radhi hadharani, pale kwenye kipaza sauti, na mpango utaendelea."

Manung'uniko yakapita. Mtu akasema si aombe tu. Mwingine akasema samahani haijamchubua mtu ulimi.

"Msusi," fundi viatu akasema, "wanangu wana vidonda miguuni. Mimi nimemwagia maji kile kinyesi kama wewe. Nimekitapikia. Sasa sema kwa nini ulifanya vile, tukuelewe. Kuna kitu walikufanyia?"

Wote wakamgeukia. Ingekuwa rahisi. Maneno machache tu kuhusu vyoo vya buluu, na mtaa mzima ungesimama upande wake. Msusi aliyasikia maneno hayo yakimfika kooni. Kisha akasikia kikohozi dirishani, akayameza.

"Sina la kueleza," akasema. "Nina la kuuliza. Ofisa, hizo fedha zipo au hazipo?"

"Zipo. Nani kasema hazipo?"

"Zipo wapi?"

"Benki. Kwenye akaunti ya mpango."

"Tangu lini?"

Subirini akajifuta shingo. "Tangu mpango ulipopitishwa."

"Kabla hujaniambia nimwagie maji?"

"Dada, hayo ni mambo ya utaratibu."

"Kabla au baada?"

"Kabla," akasema. "Lakini haziwezi kutoka bila uzinduzi. Mpango ambao haujazinduliwa, kiutaratibu, haupo."

Kijana wa lori aliyekuwa akifungua fundo la kiti akaacha mkono hewani. Mama mjane wa nyumba ya kona, ambaye hakuwa na cha kupoteza kwa kuwa hakuathirika, akacheka kicheko kifupi kibaya. Fundi viatu akamtazama Subirini, kisha Msusi, kisha Subirini.

"Nina hasira na wewe, Msusi," akasema mwishowe. "Na nina hasira na huyu. Sijui nianze na nani."

Wifi akatoka ndani. Alikuwa amebeba beseni lililofunikwa kwa kitambaa, na uso wake haukuwa ule alioingia nao. Alipita katikati ya watu bila kumsemesha yeyote, akamwaga maji mbali, akarudi. Alimtazama Msusi. Kisha akasogea, akasimama kando yake, bega kwa bega, na beseni tupu mkononi.

"Wewe mwalimu," Subirini akamwambia, akiwa na matumaini, "wewe una busara. Mshauri wifi yako. Ni neno moja tu, linasemwa, linaisha. Watu hawa wote wanamsubiri yeye."

"Hawanisubiri mimi," Msusi akasema. "Wanakusubiri wewe, tangu ile siku uliyosimama juu ya tofali. Kesho asubuhi nenda benki ukawape fedha zao. Huhitaji zulia kwenda benki."

"Nitalazimika kuandika kwamba umekataa."

"Andika."

"Nitaandika kwamba ulimrushia kiongozi uchafu na huna majuto."

"Uchafu ulikuwa wa kwenu, mliniamuru niutunze. Nimewarudishia." Alijipangusa mikono kwenye kanga, hakikutoka kitu, akaiacha ilivyo. "Na uandike vizuri ili usije ukanitumia mtu mwingine kuniuliza. Siombi radhi."